Nyumba ya Saba, Hakuna

Boko, Jumapili mchana

Mwanangu Somoe,

Nimekaa kwenye kizingiti cha mlango wa uani, daftari liko magotini, na wewe uko hatua tatu tu kutoka hapa, unapanga vizibo vya soda juu ya jiwe la kufulia. Mama yako amekwenda Tegeta kwa fundi cherehani kufuata sare yako. Baba yako yuko machimboni, leo amepangiwa zamu. Tuko wawili, na mmoja wetu hasemi na mwingine hajui kusema.

Si mie niliyekuzaa. Aliyekuzaa ni dada yangu Esha. Ila kwetu mdogo wa mama naye ni mama, na tangu ulipoanza kukaa mgongoni kwangu nakuita mwanangu, ingawa nina miaka kumi na saba na nikiinuliwa darasani kujibu swali nasahau hata nilichokijua.

Kesho asubuhi unakwenda kukaa kwa shangazi yako Kinondoni. Shule ya msingi ya mtaani kwake, shule ya serikali kama nyingine, ina darasa moja la watoto wa namna yako, na mwalimu amesema nafasi yako ipo. Habari za uji usio na mabonge, za kukukata kucha ukiwa umelala, za redio kutofunguliwa kwa sauti kubwa, mama yako amekwisha kumwambia shangazi, nadhani mara tatu. Sitazirudia.

Nina jambo moja tu. Umechelewa shule miaka mitatu kwa sababu yangu. Mama yako hajui. Anadhani aliyekosea ni marehemu Mzee Mpili, aliyekuwa balozi wetu wa nyumba kumi, na kwa ajili hiyo hii ni wiki ya pili hasalimiani na mjane wake, Bi Tausi, ambaye tunachota naye maji bomba moja. Ukiondoka kesho sijasema, sitasema tena. Najijua.

Nilianza kuiandika barua hii kwa Kiingereza. Huko sekondari tunafundishwa kwa Kiingereza, na kwa Kiingereza kosa langu lilikaa vizuri kwenye mstari, kama zoezi la darasani. Nikaona kama limefanywa na mtu mwingine. Nimechana ukurasa ule. Huwezi kuisoma hii bado. Mwalimu Tekla anasema siku moja utaweza, nami siku hizi nikiambiwa jambo juu yako sina tena ubavu wa kusema haiwezekani. Utaona kwa nini.

Nililetwa hapa kutoka Lindi nikiwa na miaka kumi, ili nimsaidie mama yako kukulea huku nasoma. Ulikuwa na miaka mitatu. Nilikuta mtoto mzuri, mnene, asiyemwangalia mtu machoni. Ukiitwa hugeuki, lakini mtu akimenya chungwa upande wa pili wa nyumba unakuja. Ukiwekewa viatu vya watu mlangoni unavipanga mstari mmoja mpaka uani, na akivigusa mtu unalia mpaka sauti inakauka. Watu walisema mengi. Kuna aliyesema umerogwa tumboni, kuna aliyesema ni homa ya utotoni. Mama yako alikuwa akisikiliza, anaitikia, kisha anakuogesha.

Mie nilikupenda ndani ya nyumba. Niandike hivyo hivyo, maana ndivyo ilivyokuwa. Uani nilikuwa mama yako. Barabarani nilitembea mbele kidogo.

Nilipokuwa darasa la saba, siku moja ulinifuata shuleni bila mtu kujua. Tulikuwa kwenye hesabu. Ukaingia, ukapita katikati ya madawati, ukaenda kulala kifudifudi kwenye sakafu chini ya ubao, shavu kwenye saruji, kwa sababu siku ile kulikuwa na joto na sakafu ilikuwa baridi. Sasa naona ulikuwa na akili kutushinda. Wakati ule darasa zima lilicheka. Zuhura aliyekaa nyuma yangu akanigusa kwa rula, akasema, "Hadija, mtu wenu kaja kusoma."

Nikamjibu, "Si wetu. Wa jirani."

Mwalimu akamtuma kiranja akutoe. Ulipopitishwa karibu na dawati langu ulishika ukingo wa sketi yangu. Nikautoa mkono wako, kidole kimoja kimoja, huku naangalia ubaoni. Kutoka siku ile kwenda shule kukawa adhabu. Mapumziko wenzangu wakiniona wanalala chini, shavu kwenye saruji, wananiangalia.

Miezi miwili baadaye kukaja amri kwamba kila mtoto aliyefikia umri aandikwe shule, bila kuacha hata mmoja, na kila balozi aorodheshe watoto wa nyumba zake kumi. Mzee Mpili akapita nyumba kwa nyumba na fimbo yake. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, hata ngazi alikuwa akipapasa. Lakini kichwa kilikuwa kizima. Aliuliza, akasikia, akakariri watoto wote wa nyumba kumi. Kwetu mama yako alimwambia, ninaye mmoja, Somoe, ametimiza saba. Mzee akasema vyema, naye ataandikwa, amri haikuchagua.

Jioni yake akaniita kibarazani kwake nimwandikie. Mtaa mzima walijua mwandiko wangu. Nilikwenda kwa furaha, Somoe, usidhani nilikwenda na nia mbaya. Nilipenda kuandika mahali ambapo sitakiwi kusema. Bi Tausi alikuwa pembeni anamenya mihogo. Mzee akataja, nami nikaandika: nyumba ya kwanza, Abdala Juma, nyumba ya pili, Maria Kosmasi na Agnesi Kosmasi, nyumba ya tatu, hakuna. Tukaenda hivyo. Alipofika kwetu akasema, "Nyumba ya saba, Somoe Saidi."

Nikaiona ile Januari nzima mbele yangu. Wewe kwenye mstari wa darasa la kwanza, mwalimu mkuu akiita jina lako mbele ya shule yote, Zuhura akigeuka. Mie nilikuwa namaliza darasa la saba mwaka ule ule. Januari nisingekuwa pale hata kidogo. Hilo sikulifikiri. Hofu haikunipa nafasi ya kuhesabu miezi.

Nikaandika: Nyumba ya saba, hakuna.

Mzee hakuona. Tulipomaliza akaniambia nimsomee yote, apate uhakika. Nikasoma. Nilipofika mstari ule nilisoma, "Nyumba ya saba, Somoe Saidi," sauti yangu haikutikisika hata kidogo. Mie, ambaye siwezi kusoma habari mbele ya darasa. Akasema ahsante binti yangu, akanipa kipande cha muhogo, akaweka alama ya dole gumba lake mwishoni mwa karatasi.

Mpaka leo nikikumbuka ile sauti yangu ilivyotulia naiogopa. Nilikuwa sijui kama ninaye mtu kama yule ndani yangu.

Januari ilipofika mama yako alikuwa amekwisha kupata kitambaa cha buluu, alikipangia foleni duka la ushirika tangu alfajiri. Akakushonea mwenyewe kwa mkono. Akakuogesha, akakupaka mafuta, akakupeleka. Mie nilikwenda nyuma yenu, nikasimama kwenye ua wa michongoma. Wazazi walikuwa wamejaa uwanjani. Mwalimu mkuu akasoma majina kwa ile sauti yake ya gwaride, na mtoto akiitwa anatoka mbele. Akayasoma yote. Mama yako akabaki amekushika mkono. Kwa wachelewaji akayasoma tena, kutoka mwanzo mpaka mwisho. Kisha akafunga faili, akasema, "Basi. Ambao hamkusikia majina yenu, rudini nyumbani."

Mama yako hakuuliza. Ungemwona ungeelewa kwa nini. Alikuwa mtu aliyekuwa akilitarajia jibu lile tangu ulipozaliwa, na sasa ameletewa. Nyumbani akakuvua sare, akaikunja, akaiweka chini kabisa ya sanduku. Baba yako aliporudi akamwambia, hawakumwita. Baba yako akanawa mikono, akala, hakutoka tena. Mie nilikuwa nakupulizia uji. Nilikuwa na nafasi ya kusema pale. Nilikuwa nayo na kesho yake, na mwezi uliofuata mama yako alipoanza kwenda kisomo cha watu wazima. Alisema kama shule imemkataa mtoto itampokea mama, naye atakuja kukufundisha nyumbani. Kila jioni akirudi na chaki kwenye vidole nilikuwa na nafasi.

Mzee Mpili akafa mwaka jana. Nilikwenda kumzika nikiwa na wanawake wengine, nikalia kuliko wajukuu zake. Watu wakasema Hadija ana roho nyepesi.

Sasa nikwambie habari ya wiki mbili zilizopita, maana ndiyo iliyonileta kwenye daftari hili.

Mama yako alikupeleka zahanati kwa ajili ya sikio. Kwenye foleni kulikuwa na mwanamke mrefu, Mhaya, anaongea Kiswahili cha taratibu kila neno limenyooka. Akakuangalia kwa muda, siyo ule mwangalio tuliouzoea. Akauliza unasoma wapi. Mama yako akamwambia shule ilikukataa. Yule mwanamke akasema yeye ni Mwalimu Tekla, anafundisha Kinondoni darasa la watoto kama wewe, na angependa kujua ni shule gani ilimkataa mtoto na kwa maneno gani. Hakuishia hapo. Kesho yake akaenda kwa mwalimu mkuu wetu akauliza. Yule mzee akaapa hajamkataa mtu. Akafungua kabati, akatoa faili la mwaka ule.

Saa kumi jioni Mwalimu Tekla akaja hapa na faili. Tulikuwa uani, sote. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akamfunulia mama yako. Na mama yako, Somoe, sasa anajua kusoma. Akaweka kidole. Akasoma polepole, nyumba ya kwanza, ya pili, kama wanavyosoma kisomoni, herufi kwa herufi. Mie nilikuwa nimesimama nyuma yake naangalia mwandiko wangu wa miaka kumi na minne, mzuri, umelala upande mmoja. Nikakiona kidole kinashuka.

"Nyumba ya sa-ba. Ha-ku-na."

Akarudia. Akamwangalia Mwalimu Tekla, akauliza hakuna nini.

Hapo hapo wewe ulikuwa unaimba ule wimbo wako. Unaujua. Ule wa puani, wa kupanda na kushuka, ambao umekuwa ukiuimba miaka mitatu ukipanga vizibo, na sie tumeuzoea kama mlio wa friji kwenye duka. Mwalimu Tekla akainua mkono tunyamaze. Akachuchumaa kando yako, hakukugusa, akatega sikio. Akakaa hivyo. Nikamwona uso unabadilika.

Akasema, "Mama, huyu haimbi. Anaita majina."

Sote tukachuchumaa. Na tukasikia. Ukishaambiwa unasikia, na ukishasikia huwezi tena kuacha. Abdala Juma. Maria Kosmasi. Agnesi Kosmasi. Kwa mdundo wa gwaride wa mwalimu mkuu, meno yamefungwa, herufi nusu zimemezwa, lakini mmoja baada ya mwingine, vile vile nilivyowaandika. Mama yako kidole kilikuwa bado kwenye karatasi, akakirudisha juu, ukawa unaita naye anafuata, na hukumruka hata mmoja. Nyumba yetu ukaipita kama nilivyoipita mie. Ulipomaliza ukasema, "Basi," ukashusha pumzi, na yale maneno ya mwisho ambayo siku zote tulidhani ni mguno: rudini nyumbani.

Miaka mitatu, mwanangu. Kila siku, hapa uani, umekuwa ukitusomea orodha yangu.

Mama yako alikaa chini kwenye mchanga. Mwalimu Tekla akasema hali yako ina jina la Kiingereza, akalitaja. Nimelitafuta kwenye kamusi kubwa ya shule, halimo. Nilikuwa nasikia maneno yake kwa mbali. Nilikuwa nangoja mama yako ageuke.

Akageuka. Akaniuliza, bila hasira yoyote, "Hadija, Mzee Mpili alikutajia jina la Somoe?"

Jibu lilikuwa neno moja tu: ndiyo. Nikasema, "Sikumbuki, dada."

Akatoka na faili mkononi mpaka kwa Bi Tausi. Tulisikia kutoka hapa. Bi Tausi akasema mumewe alilitaja, yeye alikuwepo anamenya mihogo, alisikia kwa masikio yake. Mama yako akamwambia masikio yake yamezeeka kama macho ya mumewe, na kwamba mtu asiyeona asingekubali kupewa kazi ya watoto wa watu. Maneno hayo, kwa mjane. Tangu siku ile bombani wakikutana mama yako anageuza ndoo. Bi Tausi amepungua. Jana nilimwona amekaa kibarazani na kisu na mihogo, hamenyi.

Sijui ushauri gani mtu kama mie anaweza kukupa. Nikikwambia usiogope nitakuwa nakudanganya, mie naogopa hata sasa hivi, na hapa tupo na kuku tu. Nadhani ninalolijua ni dogo. Watu watakuja kusema kimya chako ni ugonjwa na kimya changu ni adabu. Nimekaa na vyote viwili nyumba moja. Chako hakijamuumiza mtu. Na jingine: niliogopa kuchekwa siku moja, siku ambayo nisingekuwepo, nikailipia kwa siku zako zote hizi. Hofu ikija kwako na haraka, ikakwambia amua sasa, ikatalie kidogo. Iulize siku yenyewe ni ipi.

Namsikia mama yako anabisha hodi mbele. Nitamsomea barua hii. Nikiweka kalamu nitaogopa, kwa hiyo naandika mpaka afike.

*

Nimerudi. Jua limeshuka nyuma ya kilima, bado naona mistari.

Nilimsomea yote. Nilikuwa nimesimama, yeye amekaa kwenye kigoda na sare yako imekunjwa mapajani. Nilipofika pale niliposoma jina ambalo sikuliandika, alinizuia kwa mkono. Nikadhani basi. Kumbe alitaka nirudie. Nikarudia.

Nilipomaliza hakulia wala hakunipiga. Nilitamani anipige. Aliniangalia kama vile ameingia nyumbani kwake akamkuta mtu asiyemjua. Akasema, "Mie nimekuwa nikimwomba Mungu anisamehe kwa kumzaa mtoto asiyetakiwa. Miaka mitatu. Na wewe unalala mkeka wa pili, unanisikia."

Nikasema ndiyo.

"Ulikuwa unanisikia?"

"Nilikuwa nakusikia, dada."

Akainuka, akajifunga kanga. Akasema twende. Njiani akaniambia, "Utasema wewe. Mie nitasimama tu."

Bi Tausi alikuwa bombani anaosha sufuria. Shikamoo yangu haikutoka vizuri. Nikasema yote, Somoe, nikiangalia lile povu la majivu kwenye sufuria, na nadhani nilisema ovyo, nikaanzia mwisho. Alisikiliza huku anaendelea kuosha. Nilipomaliza akamwaga maji, akafuta mikono, akasema, "Kumbe masikio yangu bado mazima."

Mama yako akapiga magoti. Bi Tausi akamwinua kwa nguvu, akamwambia mambo ya kupigiana magoti hapa bombani watu watadhani kuna msiba. Kisha akasema jambo ambalo sikuwa nimelijua. Mzee, alipokuwa mgonjwa, alikuwa akiuliza kila mara kama mtoto wa Esha ameanza shule. Akiambiwa bado, anasema, "Hao walimu wana neno la kujibu, maana mie nilimwandika." Alikufa anajua alikuandika.

Bi Tausi alinipita kwenda ndani kwake, na aliponipita akanigusa bega kwa mkono uliokuwa bado na majimaji. Sijui maana yake. Sitajifanya ninaijua.

Tuliporudi mama yako alifunga sanduku lako. Nikamwuliza kama amenisamehe. Akasema, "Bado. Usiniulize tena, nitakwambia mwenyewe." Kisha akasema kesho haendi yeye. Nitakupeleka mie. Mwalimu Tekla atatupeleka mbele ya mwalimu mkuu wa kule, asubuhi, watoto wote wakiwa wamejipanga uwanjani, na mwalimu mkuu atauliza jina la mtoto. Mama yako amesema nisimpe kikaratasi. Nilitaje, kwa sauti, mstari wa nyuma usikie.

Nimejaribu sasa hivi, hapa uani. Somoe Saidi. Sauti imekwama katikati. Hukugeuka, umeendelea na vizibo. Nimekohoa, nimesimama wima, nimelisema tena.

Mama yako mdogo,
Hadija